Shimo Nililokataa Kulikabidhi

Siku mliyoniaga mlinizawadia nyundo iliyopakwa rangi ya dhahabu, ndani ya kisanduku cha kioo. Nawashukuru. Ni nzuri sana, na haiwezi kuvunja hata biskuti. Ile nyundo yangu ya kweli nimeiacha kwenye kabati la stoo. Atakayeihitaji aichukue bila kuuliza, ila asiitumie kufungulia soda.

Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo sitavitaja, vipo kwenye faili na havimfundishi mtu kitu. Nitaandika juu ya mawe, kwa kuwa ndiyo niliyokaa nayo zaidi kuliko watu, halafu juu ya shimo moja karibu na Juba ambalo nusura linigombanishe na kila mtu niliyekuwa nikifanya naye kazi.

Nilianza nikiwa na digrii mpya, viatu vipya na kiburi kipya. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Kisilu, aliyekuwa akisimamia wachora ramani za miamba. Alikuwa amesoma Bulgaria enzi zile vijana wetu walipokuwa wakipelekwa huko, akafanya kazi kwenye mgodi mkubwa wa shaba kabla ya kurudi nyumbani. Hakuniuliza nilipata alama gani. Alinipa jiwe akasema, "Lilambe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jiwe kavu linakuficha rangi yake, binti yangu. Lilambe, halafu uniambie unaona nini."

Nikalilamba. Tangu siku ile nimelamba mawe ya nchi nyingi, na sijaumwa tumbo hata mara moja kwa sababu hiyo. Tumbo langu limeangushwa na chapati za kando ya barabara, si na mawe.

Jiwe lenyewe lilikuwa porfiri. Neno linatisha lakini jambo ni rahisi: chembe kubwa nyeupe zimetapakaa ndani ya jiwe laini la kijivu, kama mchele uliomwagika juu ya saruji mbichi. Mzee Kisilu alinieleza hadithi yake tukiwa tumekaa juu ya masanduku ya sampuli. Chini ya milima ya moto, alisema, kuna uji wa mwamba ulioyeyuka. Ukiwa huko chini unapoa polepole, na chembe zinapata muda wa kunenepa. Kisha unapanda ghafla karibu na juu, na kilichobaki kinaganda upesi, ndiyo maana kinakuwa laini. Sasa, uji ule una maji ndani yake, una salfa, una shaba na dhahabu kidogo kidogo. Mawe yanayoganda hayavitaki vitu hivyo. Vinasukumwa, vinasukumwa, mpaka vinajikuta vimebanana katika sehemu ndogo ya mwisho, na shinikizo linapanda kama sufuria ya maharagwe iliyowekewa jiwe juu ya kifuniko.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu kifuniko kinapasuka. Lakini hakipasuki mahali pamoja. Kinapasuka nyufa maelfu kwa maelfu, nyembamba kama unywele. Maji ya moto yanapenya humo, yanapoa, yanaacha kwatzi, lile jiwe jeupe kama kioo, na shaba njiani. Ndiyo maana mgodi wa porfiri unaweza kuwa mpana kuliko uwanja wa ndege, na bado ukishika jiwe lake moja shaba huioni bila lenzi. Ni umaskini uliotandazwa mahali pakubwa mpaka ukawa utajiri."

Jambo la pili alilonifundisha ndilo nililolitumia maisha yangu yote. Yale maji ya moto hayaishii kuweka shaba tu. Yanapika miamba yote ya jirani, na yanaipika kwa miduara, kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Katikati kabisa, palipokuwa na joto kali, jiwe linajaa maika nyeusi, vigamba vyembamba vinavyometameta. Mduara unaofuata unapauka, unakuwa mweupe na mlaini, umejaa pairaiti, yale madini ya njano yanayong'aa na kuwafanya watu waite ndugu zao wakidhani wamepata dhahabu. Mduara wa nje ni wa kijani. Kwa hiyo, vijana, mkitumwa kutafuta porfiri msikimbilie shaba. Chora miduara kwanza. Jua umesimama kwenye mduara upi, ndipo ujue katikati ni wapi. Na mjue kwamba kijani kiko cha aina mbili. Kuna kijani cha kutu ya shaba, na kuna kijani cha jiwe lililopikwa nusu, ambacho hakina ahadi yoyote. Nimeona mabwana wenye suti wakilia machozi ya furaha mbele ya hicho cha pili.

Mzee Kisilu alistaafu, mimi nikahangaika huku na kule na kampuni ndogo ndogo za utafutaji, zile ambazo leo ziko na kesho hata simu haipokelewi. Ndivyo nilivyofika Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, mji ulipokuwa ukijaa watu waliorudi na watu waliokuja. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Buluk, makontena mawili na banda la mabati tulilolifanya stoo ya mawe. Mimi nilipanga chumba mtaa uitwao Juba na Bari. Mchana Wakenya wote tulikutana Hai Cinema kwa mama mmoja wa kutoka Kakamega aliyepika sukuma wiki iliyovuka mipaka miwili kufika pale, na ilionekana hivyo.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Gitau, Mkenya mwenzangu, mdogo wangu kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa mawe, alikuwa mtu wa mipango na ratiba, na kwa kweli bila yeye tusingepata dizeli, vibali wala chakula. Wenye kampuni walikaa mbali na kumpigia simu kila jioni. Ninayosema hapa hayamfanyi mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepigiwa simu kila jioni.

Kilichotuleta ni kilima kimoja ng'ambo ya mto, mashariki ya mji. Jina lake sitalitaja, maana najua wenye makarai, wale waosha dhahabu, wanavyosoma. Wenyeji walikiita Jebel tu, yaani mlima, nasi tukakiita hivyo. Mtu alikuwa amepeleka mjini jiwe lenye kutu ya kijani kutoka huko, na jiwe likasafiri mpaka kwa wenye kampuni.

Ramani yangu ya kwanza ya Jebel ilikuwa na umbo la ajabu, kwa sababu ilifuata njia za wategua mabomu. Vita vilikuwa vimepita hapo. Mawe yaliyopakwa rangi nyeupe yalimaanisha pamesafishwa; yaliyopakwa nyekundu yalimaanisha usitie mguu. Mara nyingi niliona mwamba mzuri upande wa pili wa jiwe jekundu, nikautazama kwa darubini kama mtu anayetazama nyama buchani siku ya tarehe ishirini na tano.

Chini ya kilima palikuwa na nyumba za watu waliorudi kutoka kambi za Uganda. Wa kwanza kunisemesha alikuwa Mama Keji, mwanamke mrefu aliyekuwa akilima karanga na simsim karibu na njia yetu. Alikuwa ameishi Koboko miaka mingi na Kiswahili chake alikiokota huko, sokoni na kwa askari.

"Nyinyi nafanya nini hapa?" aliniuliza.

"Tunatafuta shaba, mama."

Akaitazama nyundo yangu, akatazama kilima. "Sawa. Lakini hapa moyo mafi."

Nilijua *mafi* ni hakuna. Nikafikiri ananiambia watu wa hapa wamekata tamaa, hakuna moyo. Nikaanza kumfariji, nikasema amani imekuja, mambo yatakuwa mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akanyanyua dumu lake tupu na kulipiga kwa kidole, likalia.

"Moyo," alisema. "Maji. Sisi nasema moyo."

Maji yao yalikuwa kwenye dimbwi la khor, mkondo wa msimu, mbali, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya mawe mekundu. Wanawake walitembea mmoja nyuma ya mwingine wakikanyaga nyayo za aliyetangulia. Nilimwona mwanamke mjamzito akipita hapo na dumu kichwani, na nilishindwa kuandika kitu asubuhi ile.

Tulifanya kazi yetu. Nilichora miduara. Tulipitisha umeme ardhini kwa nyaya ndefu, kwa sababu pairaiti na wenzake huushika umeme kidogo na kuuachia polepole, na ukipima huko kuchelewa unajua waliko bila kuchimba. Picha ikatokea vizuri kuliko nilivyotarajia: mduara wa kijani, mduara mweupe, na katikati, mguuni pa kilima upande wa kusini, maika nyeusi. Jebel ilikuwa porfiri kweli. Nilitaka kumpigia simu Mzee Kisilu, lakini alikuwa ameshafariki.

Mtambo wa kuchoronga mwamba ukaja kutoka Uganda, na mwendeshaji wake alikuwa Wani, mtu wa kabila la Wabari aliyezaliwa Juba na kukulia Arua. Mtu mkimya, mikono imejaa grisi, sikio lake likijua jiwe gumu kwa sauti ya injini. Akisema, "Madam, jiwe imebadilika," ungekuta imebadilika kweli.

Shimo la kwanza wakubwa walitaka lichimbwe juu kilimani, palipokuwa na kijani kikali. Niliwaambia ile ni kutu iliyochuruzika kwenye ufa. Tukachimba, tukakuta ni kutu iliyochuruzika kwenye ufa. Shimo la pili lilikuwa langu, chini kusini, limeinama kuelekea katikati ya miduara. Wani alitoa vipande vya mwamba vya mviringo, virefu kama mikate, na mimi nikavipanga kwenye masanduku nikivilowesha kwa maji na kuvitazama kimoja kimoja. Jiwe jeupe lenye pairaiti likaisha. Maika nyeusi ikaingia. Mishipa ya kwatzi ikaingia. Moyo wangu, huu wa Kiswahili, ulikuwa unadunda.

Mishipa ilikuwa mitupu. Mita baada ya mita, kwatzi safi, nzuri, isiyo na kitu. Chembe za shaba hapa na pale, kama sukari iliyobaki kikombeni. Nilitazama mpaka macho yakauma, nikatafuta maelezo mengine, sikuyapata. Tulikuwa kwenye mizizi. Sehemu yenye shaba ilikuwa juu, juu ya vichwa vyetu, mahali ambapo sasa ni hewa na mwewe. Kilima kililiwa na mvua kwa muda usiohesabika, na shaba ilikwisha kwenda na maji kabla hajazaliwa mtu wa kuiita shaba. Kilichobaki ni masalio kwenye nyufa za juu.

Nikaandika hivyo. Hakuna mgodi. Gitau alisoma, akasema, "Wakubwa hawatapenda." Nikamwambia kilima nacho hakikupenda.

Hadithi ingeishia hapo, kama zinavyoishia karibu zote katika kazi hii, lakini shimo langu lilianza kutoa maji.

Yalipanda yenyewe, bila pampu, yakamwagika mdomoni mwa bomba mchana na usiku. Hutokea: unatoboa ufa wenye maji yaliyobanwa na kilima, nayo yanapata pa kutokea. Kijiji kizima kilikuja. Watu waliimba. Nilipofika watoto walikuwa wanaoga na Mama Keji alikuwa amekwisha kujaza madumu yake.

Nami nilijua maji yale yalikuwa yamepita wapi. Mduara mweupe wote, wenye pairaiti. Pairaiti ikikutana na maji na hewa inaoza na kutoa tindikali, na tindikali ile inakwangua kila metali inayoikuta njiani. Nilichovya karatasi ya kupimia ukali, ikabadilika rangi mara moja kwa namna nisiyoipenda. Nikaonja tone, nikatema. Ladha ya msumari. Mawe yaliyo chini ya bomba yalikuwa yameanza kuvaa rangi ya machungwa.

"Wani," nikasema, "hili shimo tulijaze saruji."

"Saruji iko, madam." Akaelekeza kidevu. "Lakini ile mama iko amekaa juu ya bomba."

Kweli Mama Keji alikuwa amejibandika pale, amekunja mikono, maji yakimlowesha gauni. Nilichuchumaa mbele yake. Nikaeleza tindikali, nikaeleza metali, nikaeleza figo na maini. Alinisikiliza kwa adabu ileile ya siku ya kwanza.

"Maji iko safi," alisema. "Mimi naona chini."

"Yako safi kwa macho, mama. Si kwa tumbo."

"Madam, wewe nakunywa maji ya chupa. Nalala Juba. Wewe nasema maji hii ni mbaya, halafu napanda gari nakwenda. Mimi je? Mtoto ya dada yangu alikanyaga bomu kwa njia ya maji. Wewe nataka kufunga hii, mimi nirudi njia ile?"

Nilijua maneno yangu hayakuwa na uzito. Nikamwomba panga lake la shamba. Nikalisugua kwa mchanga mpaka chuma kikang'aa, nikaliweka ndani ya ndoo ya maji yale, nikamwambia tuliache mpaka kesho. Kama kesho panga litakuwa kama leo, nitaondoka na saruji yangu.

Asubuhi alilitoa mwenyewe, watu wamemzunguka. Sehemu iliyokuwa ndani ya maji ilikuwa imevaa utando mwembamba mwekundu, wa rangi ya senti za zamani. Aliukwaruza kwa ukucha. Ukatoka, chini yake chuma kikiwa kimeliwa vidonda vidogo.

"Hii nini?"

"Shaba, mama. Maji yamekula chuma cha panga yakaacha shaba mahali pake."

Alitazama panga muda mrefu, kisha akawatazama watoto waliokuwa wakioga jana. Akaanza kumwaga madumu yake chini, moja baada ya jingine, na wengine wakamfuata, baadhi wakinung'unika. Alipomaliza aliniambia, "Kalas, basi. Nimeona. Sasa niambie, mimi nakunywa nini?"

"Mtambo hautaondoka kabla sijakuchimbia maji mazuri," nikasema.

Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Nilichukua panga, nikaomba niliazime, nikaenda mjini.

Gitau nilimkuta ofisini Buluk akikunjua bango kubwa jipya juu ya meza. Alikuwa amepata wazo, na kwa mtu aliyepewa habari mbaya na wakubwa, lilikuwa wazo zuri: mgodi hakuna, lakini tumewapa wananchi maji. Sultani, yaani chifu wao, amealikwa. Maofisa wamealikwa. Nilichotakiwa kufanya ni kutia sahihi kwamba shimo linafaa kukabidhiwa.

Nikaweka panga juu ya bango.

Alilishika, akaligeuza. Uso ukamng'aa. "Madam Eunice! Hii si shaba? Kumbe iko!"

"Iko. Kwenye maji. Kwenye jiwe imekwisha."

Ilimchukua muda kuelewa, na nilimwona akielewa. Akakaa. "Lakini wanakunywa ya dimbwi, pamoja na ng'ombe. Haiwezi kuwa mbaya kuliko hiyo."

"Ya dimbwi watayachemsha. Haya ukiyachemsha unayakoleza."

"Nimeshaalika watu, madam. Na mtambo unahitajika kwingine, lori la kuubeba liko njiani kutoka Nimule. Mvua ikianza hiyo barabara hupiti. Wacha tukabidhi, halafu nitaandika barua waletewe dawa ya kusafisha, sijui nini..."

"Sitii sahihi, Gitau. Na nikiulizwa na sultani, nitamwambia kwa nini."

"Unanitishia?"

"Nakuambia mapema. Kama ningetaka kukutishia ningengoja siku ya sherehe."

Alisimama mlangoni akinipa mgongo. Nilidhani atanifukuza kazi, na nilikuwa nimeshaamua nitarudi kwenye kilima hata kwa boda boda. Mwishowe alisema bila kugeuka, "Lori likifika, mtambo unapanda. Umepata maji, hujapata. Huo ndio mwisho wangu."

"Huo unanitosha," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Shimo langu tulilijaza saruji siku hiyohiyo. Kisha nikachukua ramani ya miduara na kuisoma kinyume. Miezi yote nilikuwa natafuta njia ya kuingia katikati. Sasa nilitafuta njia ya kutoka. Nilihitaji mwamba ambao maji ya moto ya kale hayakuwahi kuupika. Ng'ambo ya mduara wa kijani palikuwa na matale, mwamba mgumu wa rangi ya waridi, safi, lakini matale mazima hayashiki maji, lazima upate palipopasuka, na lazima pawe upande wa mawe meupe, palipoteguliwa mabomu.

Nilichagua karibu na nyumba zao ili wasitembee. Wani akaanza. Vumbi. Tukaendelea, vumbi jeupe kama unga wa ngano likawapaka watu nyusi. Wani alizima injini.

"Vumbi tu, madam. Jiwe imekaza."

Mzee mmoja akasema kwa sauti, nikatafsiriwa bila kuomba, kwamba huyu mwanamke amefunga lenye maji na kufungua lenye vumbi. Watu walicheka, wakaanza kuondoka. Mama Keji hakucheka wala hakuondoka. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa kusini, na kabla jua halijazama lori lilifika, dereva akapiga honi.

Nililala kwenye kiti cha gari, na palipopambazuka nikatembea mstari mzima wa nyaya zetu za umeme mpaka mwisho wake, nje kabisa ya miduara. Hapo vipimo vilikuwa vimeonyesha umeme ukipita kwa wepesi, nasi hatukujali, kwa kuwa shaba haiwezi kuwa huko. Ndani ya miduara wepesi ule maana yake ni madini. Nje yake, kwenye matale safi, ungeweza kuwa nini kama si maji? Nikatazama chini. Mitini midogo ilikuwa imeota kwa mstari ulionyooka juu ya mwamba, kila mmoja umepenyeza mizizi kwenye ufa uleule. Palikuwa mbali kidogo na nyumba, lakini mawe yalikuwa meupe njia nzima.

Niliporudi dereva wa lori alikuwa anadai kupakia. Nilimtazama Wani. Wani alimwendea dereva polepole, akijifuta mikono.

"Mashine iko na shida kidogo," alimwambia. "Nataka kutengeneza. Wewe kunywa chai, lala."

"Shida gani?"

"Ya ndani."

Dereva akalala chini ya lori lake. Wani akauendesha ule mtambo wenye shida mpaka kwenye mitini, bila kigugumizi hata kidogo.

Vumbi lilitoka tena. Halafu likawa la kahawia. Wani akainamisha kichwa kama anavyofanya, akasikiliza. "Imebadilika," alisema. Vumbi likaacha kupaa, likawa tope, likatuchafua wote. Akaendelea kushuka, na hewa ya mtambo ikasukuma juu maji machafu, kisha yenye mawingu, kisha maji. Wani alikuwa analia au ni tope, sikuuliza. Mimi nililia.

Nikachovya karatasi. Haikubadilika. Wanawake walikuja wakikimbia na madumu, na aliyewazuia hakuwa mimi. Alikuwa Mama Keji, amesimama mbele ya bomba na panga lake mkononi, limesuguliwa linang'aa.

"Hakuna mtu nakunywa," alisema. "Kwanza panga. Kesho."

Tukangoja. Asubuhi panga lilitoka na kutu kidogo tu, kutu ya kawaida ya chuma chochote kilicholala majini. Alilionyesha huku na huku, kisha akainama akanywa kwa kiganja. Mvua ya kwanza kubwa ilituangukia tukipakia mtambo. Maabara ya Kampala ilithibitisha baadaye nilichokuwa najua, na Gitau alipata sherehe yake penye pampu mpya, amevaa helmeti isiyo na mkwaruzo. Bango halikubadilishwa hata herufi moja. Alinipeleka mbele kusimama karibu na sultani, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Asante kwa kunikatalia." Sijawahi kusikia mkuu mwingine akisema hivyo.

Kampuni ilifunga ofisi muda mfupi baadaye. Wani alikwenda kuchimba visima Yei. Mimi nikaendelea na mengine, ambayo baadhi mlikuwepo. Lakini mwaka wa kura ya maoni nilipita Juba kwa kazi nyingine, nikaomba gari linivushe mto nikaone.

Mitini ilikuwa imekua. Njia ya kwenda pampu ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa pana kama barabara, na watu wawili walikuwa wamejenga karibu. Wanawake walikuwa wengi, wanabishana kwa sauti juu ya nani alitangulia nani. Mkono wa pampu ulikuwa umelainika. Karibu hakuna aliyenijua. Nilikuwa na chupa yangu tupu na kiu ya njiani, nikaenda moja kwa moja mbele, kama mwenye nyumba, nikaishika pampu.

"Madam!"

Alikuwa Mama Keji, amekaa kwenye kigoda kivulini, na inaonekana ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikuwa amenitambua, maana alikuwa anatabasamu mpaka mwisho wa meno. Hakuinuka. Alinyoosha mkono akaelekeza mbali, nyuma ya madumu yote.

"Karibu sana, madam. Laini naanza kule."

Nikaenda nyuma, nikapanga foleni.